Mama Uji na Chupa ya Kimya

Ndizi ikiiva kupita kiasi nyumbani kwa Mama Uji, wajukuu hawaitupi. Huiweka dirishani makusudi, wakangoja wale nzi wadogo wa matunda wakusanyike, kisha humwita. "Bibi, wageni wako wamefika!" Naye, hata kama ana ufagio mkononi, huvaa miwani, akainamia ganda la ndizi na kuwatazama mabawa mmoja mmoja. Yamenyooka. Yananyooka siku zote. Wajukuu hucheka mpaka wakashika mbavu, kwa sababu hawajawahi kumwona mtu mzima anayekagua nzi kama askari anavyokagua vitambulisho. Yeye hawakatazi kucheka. Alikuwa na umri mdogo zaidi ya mama yao alipoanza kazi ile, na siku ya kwanza hata yeye alicheka.

Alikuwa akifagia korido za jengo la sayansi wakati huo. Alimaliza darasa la saba, akaolewa na fundi cherehani, akapata kibarua cha kufagia, na hakutazamia zaidi ya hapo. Mwisho wa korido palikuwa na mlango uliokuwa ukifungwa daima, na chini yake ilitoka harufu ya hamira na molasi, kama vile ndani kuna tanuri la mikate. Asubuhi moja mlango ukafunguka, akatoka mama wa makamo mwenye koti jeupe na mwiko mkubwa mkononi. Watu wote pale walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumdunga mtu sindano.

"Wewe binti," akasema, "mpishi wangu kahama. Unaweza kukoroga sufuria kubwa bila kuiunguza?"

"Naweza. Kuna shughuli gani, Daktari?"

"Hakuna shughuli. Ni uji."

"Uji wa nani?"

"Wa nzi."

Aliangua kicheko hadi ufagio ukamtoka. Daktari akangoja amalize, bila kukasirika, mwiko ukidondosha sakafuni. "Ukimaliza kucheka," akasema, "njoo kabla haujashika chini."

Hivyo ndivyo alivyopata jina la Mama Uji. Nyumbani alikuja kuwa Mama Kidoti, kwa sababu ya mtoto wake wa kwanza aliyezaliwa na alama nyeusi shavuni, lakini kazini, hadi siku anaagwa, alikuwa Mama Uji. Uji wenyewe ulikuwa unga wa mahindi, hamira, molasi, unga wa mwani wa kuugandisha, na dawa kidogo ya kuzuia ukungu. Aliuchemsha, akaumimina kwenye chupa ukiwa bado wa moto, akaufunika kwa kitambaa chembamba ukaganda, kisha akaziba chupa kwa kizibo cha pamba. Vitambaa vya vizibo mumewe alivishona nyumbani kwa mabaki ya nguo za wateja. Mtu angeingia chumba kile angeona rafu zimejaa chupa kutoka sakafuni hadi darini, kila moja na kizibo chake, vingine vya maua, vingine vya mistari, vingine vya sare za shule.

Mama mkwe wake ndiye aliyechelewa kuizoea kazi hiyo.

"Hebu nieleze tena, mwanangu," alikuwa akisema, wageni wakiwepo hasa. "Sisi huku tunafunika chakula nzi wasitue. Wewe huko unawapakulia?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wakishiba wanasema asante?"

"Wanazaa, Mama. Ndiyo asante yao."

"Basi wana adabu kuliko mwanangu," mama mkwe alijibu, maana wakati ule ndoa ilikuwa na mwaka wa pili na mjukuu hajaonekana.

Mimba ilipotungwa, Mama Uji aliendelea kukoroga, tumbo likamtangulia jikoni. Siku moja muuguzi wa kliniki alimwekea tumboni kile kifaa kama tarumbeta ndogo, akasikiliza, akatabasamu, akasema moyo unadunda vizuri. Mama Uji akaenda kazini na swali. Aliliweka moyoni mpaka uji ulipoanza kutoa mapovu, ndipo akalitoa.

"Daktari, ule moyo unajuaje kuanza? Nani aliuambia?"

Daktari alikuwa ameinama kwenye hadubini. Hakuinua kichwa mara moja. Baadaye alimwambia kwamba kwa miaka yote aliyofundisha, wanafunzi walimwuliza maswali yatakayotoka kwenye mtihani, na hilo hakuna aliyemwuliza. Lakini pale pale alisema tu, "Zima jiko, njoo."

Akamweleza hivi. Kila seli ya mwili, ile chembe ndogo ambayo mwili wote umejengwa kwayo, imebeba kitabu kizima cha maagizo. Seli ya jicho ina maagizo ya moyo, na seli ya moyo ina maagizo ya jicho.

"Sasa mbona jicho halidundi?" Mama Uji akauliza.

Daktari akacheka kwa sauti. "Kwa swali hilo ndiyo wananilipa. Maagizo peke yake hayatoshi. Lazima yawashwe, mahali pake na kwa wakati wake. Kando ya kila jeni kuna swichi. Jeni ni lile agizo lenyewe, na swichi ndiyo inayosikiliza kama saa imefika."

Kisha akamwekea kijibamba cha kioo chini ya hadubini. Mama Uji akaona viinitete vya nzi, yaani nzi ambao bado wamo ndani ya yai, vyeupe na virefu kama punje za mchele. Daktari alikuwa ameviwekea ujanja: popote swichi ya moyo ilipowaka, seli iligeuka bluu. Katika kiinitete kichanga bluu ilitapakaa eneo kubwa la ndani. Katika kikubwa kidogo ilikuwa imezimika sehemu nyingi, ikabaki ukingoni, safu moja kushoto na nyingine kulia. Na katika kile kikubwa kuliko vyote, safu zile mbili zilikuwa zimepanda na kukutana katikati ya mgongo, zikafungana kama meno ya zipu.

"Kwa nini zile nyingine zimezima?"

"Ziko mbali. Seli za ngozi ya mgongoni ndizo zinazoziambia za chini yake, ninyi msizime. Zilizo karibu zinasikia, zinaendelea kuwaka, zinakuwa moyo. Zilizo mbali hazisikii, zinakuwa misuli ya kawaida."

"Kwa hiyo ni majirani."

"Ni majirani."

"Na moyo wa nzi uko mgongoni."

"Mgongoni kabisa."

Mama Uji akafikiri. "Mimi wangu utakuwa mgongoni mwezi ujao," akasema, "na utalia."

Siku zile. Akizisimulia sasa husema hakuna jiko aliloamkia kwa moyo mweupe kama lile. Kulikuwa na joto la kupendeza chumbani hata msimu wa baridi, kwa kuwa nzi hawapendi kutetemeka. Kulikuwa na redio ndogo iliyokamata stesheni moja tu. Na kulikuwa na chupa ya Kimya.

Kimya ilikaa rafu ya juu, mbali na nyingine. Daktari aliitengeneza mwenyewe kwa miaka mingi. Nzi wa mbegu ile, yaani wa ukoo ule, walikuwa na jeni ya moyo, nzima, bila dosari. Kilichokatwa ni swichi. Ngozi ingeita, ingeita, na chini hakuna sikio la kusikia. Maagizo yapo, hakuna wa kuyawasha. Daktari alitaka kujua ni kipande gani hasa cha swichi kinachosikia nini, na kwa Kimya alikuwa akirudisha vipande kimoja kimoja, akitazama moyo unarudi kiasi gani. Kila alichokijua kilitoka kwenye chupa ile, na hapakuwa na nyingine kama hiyo kokote.

Mtu angeuliza, nzi asiye na moyo anaishije mpaka azae? Haishi. Ndiyo maana mabawa yalikuwa na maana. Kila kiumbe hupata nakala mbili za maagizo, moja ya mama na moja ya baba. Kila nzi mzima wa Kimya alikuwa na nakala moja iliyokatwa swichi na nakala moja nzuri, na ile nzuri Daktari aliitia alama inayoonekana kwa macho: inayakunja mabawa, yakapinda juu kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Mtoto aliyepata nakala mbili zenye swichi iliyokatwa alifia ndani ya yai bila moyo. Aliyepata mbili zenye alama naye hakuishi. Waliobaki ni wale wa kati na kati, na wote, bila kukosa hata mmoja, walikuwa na mabawa yaliyojikunja.

Kwa hiyo katika chupa ya Kimya mambo yalikuwa kinyume. Mwenye kilema ndiye mwenyeji. Ukiona nzi mzuri, mabawa yamenyooka, yanang'aa, huyo ni mgeni, na mgeni akishazaa na wenyeji, ile nakala iliyokatwa hupotea kidogo kidogo bila kelele mpaka chupa imejaa nzi wazuri wasio na faida.

Wala mbegu za nzi hazikuwekwa barafuni zikangoja kama nyama. Nzi wanaishi muda mfupi. Lazima mtu awahamishe, kutoka chupa yenye uji wa zamani kwenda chupa yenye uji mpya, tena na tena, kizazi baada ya kizazi. Daktari alikuwa mkali kwenye jambo moja tu katika uhamishaji huo. Nzi akiponyoka, hata umemwona kwa macho yako akitoka chupa ipi, usimrudishe. Umwue. "Nzi aliye nje hana chupa," alisema, na kila aliyefanya kazi mle alikariri.

Mama Uji alikariri pia. Lakini alikuja kuvunja.

Ilikuwa siku aliyorudi kazini baada ya uzazi. Kidoti alikuwa mdogo, na Daktari alikuwa amemruhusu aje naye mgongoni, lakini asubuhi ile kulikuwa na mafua, na mama mkwe akasema mtoto hatoki. Mama Uji akamwacha kwa mara ya kwanza. Akatembea njia nzima akihisi mgongo mwepesi, kama mtu aliyesahau kitu sokoni. Alipofika, maziwa yalikuwa yameshalowesha gauni. Akavaa koti jeupe juu yake, akafunga vifungo vyote, akaanza kuhamisha chupa, kwani Daktari alikuwa amesafiri kumzika nduguye.

Alipofika Kimya, alikuta kizibo kimelegea. Juu ya mdomo wa chupa, kwa nje, alikuwepo nzi mmoja mchanga, ametoka kwenye ganda lake saa ileile. Alikuwa mweupe, laini, amelowa, na mabawa yake bado yamekunjwakunjwa kama kitambaa kilichotolewa mfukoni. Nzi akizaliwa huwa hivyo, huchukua muda mabawa kujaa. Huwezi kujua kama yatanyooka au yatajikunja. Alikuwa jike, anatambaa akizunguka mdomo wa chupa, anazunguka, kama anayetafuta mlango.

"Maskini, umetoka nje ukiwa mbichi hivi," Mama Uji akamwambia. Akachukua brashi, ile ndogo ya mchoraji, akamwinua taratibu, akamwingiza ndani, akaziba.

Siku chache baadaye chupa ya akiba, waliyoiweka Kimya isije ikapotea, ikaota ukungu. Akaimwaga, na mpya akaianzisha kutoka hii.

Daktari alikuwa amesharudi siku Mama Uji alipowahamisha tena. Aliwalaza kwa ile gesi ya usingizi, akawamwaga kwenye sahani nyeupe, akaanza kuwapitia kwa brashi. Amejikunja, amejikunja, amejikunja. Kisha akaona mabawa yaliyolala mgongoni yamenyooka, marefu, safi. Ilikuwa kama kurudi nyumbani ukamkuta mtu usiyemjua amekaa sebuleni amevaa ndala zako. Akamsukuma pembeni. Akaona mwingine. Na mwingine. Akaenda kwenye chupa ya akiba, nako ni yale yale.

"Daktari. Njoo utazame."

Daktari akaja, akainama, akawapitia kwa brashi.

"Ni mimi," Mama Uji akasema. "Nilimrudisha mmoja. Alikuwa mchanga, mabawa hayajafunguka. Nilidhani ni wetu."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, ingawa haikuwa na uchafu. "Nje hakuna wetu, mama," akasema.

Basi. Angefoka ingekuwa nafuu. Aliketi kwenye kiti chake kirefu, akaitazama rafu ya juu, na Mama Uji akaona jinsi alivyozeeka. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Kuitengeneza Kimya upya kungehitaji miaka ambayo hakuwa nayo.

Jioni ile Mama Uji hakula. Mama mkwe alimtazama akiisukuma sahani, akavumilia, akashindwa.

"Nani kafa?"

"Hakuna, Mama. Tumepoteza nzi."

"Wangapi?"

"Wote. Wa namna moja."

"Njoo jikoni kwangu, nikupe gunia."

Mumewe akacheka kidogo. Mama Uji hakucheka, na machozi yakaanza kumshuka bila sauti, yakidondokea nywele za Kidoti aliyekuwa ananyonya. Mama mkwe akaisogeza ile sahani kando. Baadaye akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Huyo Daktari wako ana watoto?"

"Hana."

"Basi hao nzi..."

"Ndiyo, Mama."

Mama mkwe akafuta meza, akafuta tena palepale. "Kuna namna ya kuwapata?"

"Daktari anasema ipo moja. Lakini natakiwa kufika alfajiri, kila siku."

"Nenda. Mtoto niachie. Utamkamulia kwenye kikombe, nitamlisha kwa kijiko. Mimi nimelea watano bila kwenda shule, itakuwa huyu?"

Namna yenyewe ilikuwa hii. Kati ya wale waliojikunja, huenda wamo ambao bado wamebeba nakala iliyokatwa, na wamo ambao nakala yao ya pili ni ya mgeni. Kwa macho wote ni sawa. Ila watoto ndio hutoboa siri ya wazazi. Unachukua jike mmoja na dume mmoja, wote wa kujikunja, unawatia kwenye kichupa chao. Wakizaa hata mtoto mmoja wa mabawa yaliyonyooka, basi mmoja wao au wote wawili wamechanganyika, unawamwaga. Wakizaa waliojikunja watupu, kuna tumaini. Lakini jike lazima awe mwanamwali, ambaye hajakutana na dume mwingine, na nzi hawakai wanawali kwa muda mrefu. Ndiyo maana ya alfajiri: kuwahi majike waliotoka ganda usiku, kabla madume hawajaamka vizuri.

Wakaketi bega kwa bega asubuhi nyingi, Daktari na hadubini yake, Mama Uji na brashi yake. Vichupa vikajaa ubao wa mbao, na Mama Uji akajikuta anawapa wenyewe majina, kwa kuwa hakupenda kuwaita kwa alama za kalamu. Kulikuwa na Wagomvi, ambao dume alifukuzwa kila kona. Kulikuwa na Mlafi na Mkewe. Kulikuwa na Wapole.

"Wapole wamepata funza," alisema siku moja, bila kufikiri.

"Wapole ndio nani?" Daktari akauliza.

Akamwonyesha. Daktari akakitazama kichupa, akatazama cha pili yake. "Na hawa waliokaa tu, hawatagi?"

"Hao ni Wazee."

"Mbona unanitazama?" Daktari akasema, na hapo ndipo walipocheka pamoja kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Lakini kicheko hakikurudisha Kimya. Wagomvi walizaa, na mtoto wa tatu kutoka alikuwa amenyooka kama mshale. Wakamwagwa. Mlafi na Mkewe, wamenyooka. Wapole, ambao Mama Uji aliwategemea, walitoa waliojikunja tu kwa muda, akaanza kupumua, kisha asubuhi akakuta mmoja mzuri anajisafisha mabawa ukutani mwa kichupa. Alimchukia nzi yule kwa jinsi alivyokuwa mzuri. Kila kichupa kilichomwagwa, Daktari alikiosha yeye mwenyewe na kukiinamisha kikauke, hakumwachia mtu.

Mwisho wakabaki Wazee peke yao. Walichelewa kutaga, wakataga kidogo, na uji wao ulikuwa umeanza kukauka pembeni. Mama Uji akawatia tone la maji kwa bomba la sindano kila asubuhi. Mtoto wa kwanza akatoka. Walingoja mabawa yajae, wote wawili wamesimama, hakuna aliyeketi. Yakajaa, yakajikunja. Wa pili, akajikunja. Wakaja wengine, wakajikunja.

"Wachache mno," Daktari akasema. "Inaweza kuwa bahati tu. Sitaki kushangilia bahati. Lazima tumwone asiye na moyo."

Wakawahamishia watoto wa Wazee kwenye kikombe chenye sahani ya maji ya zabibu yaliyogandishwa kwa unga wa mwani, wakapata mayai. Wakayaacha yakue mpaka karibu na kuanguliwa. Asubuhi ya siku ya pili Daktari akayaosha kwa dawa ya kung'arishia nguo iliyozimuliwa, ganda la nje likayeyuka, likabaki lile la ndani la kuonyesha kama kioo. Akayapanga kwenye tone la mafuta. Kisha akarudi nyuma.

"Macho yangu leo hayanitii," akasema. "Tazama wewe."

Mama Uji akainama. Kiinitete cha kwanza kilikuwa karibu kuwa funza, kinajinyonganyonga ndani ya ganda. Mgongoni, chini ya ngozi, mrija mwembamba ulikuwa ukifunga na kufungua, ukifunga na kufungua.

"Unadunda," akasema.

Cha pili. "Unadunda." Cha tatu, cha nne. "Unadunda, Daktari." Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisononeka kwa kuona moyo unadunda. Akasogeza kioo. Nyuma yake aliusikia mkono wa Daktari ukisugua meza, ukienda na kurudi.

Kilichofuata kilikuwa kinajinyonganyonga kama wenzake. Misuli ilikuwepo, utumbo ulikuwepo, mirija ya hewa ilikuwepo, imeng'aa kama nyuzi za fedha. Akatazama mgongoni. Akangoja. Akarekebisha mwanga, akangoja tena, hata hewa aliizuia kifuani.

"Haupo," akasema.

"Haudundi, au haupo?"

"Haupo, Daktari. Pamekaa wazi."

Daktari akamsukuma kwa bega, akatazama, na hakuinuka kwa muda mrefu. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa. "Haupo," akasema. Kisha akapiga kelele, yeye asiyewahi kupaza sauti, "Haupo!" na Mama Uji naye "Haupo!" na wakakumbatiana, wakaruka kama wasichana wa shule, vichupa vikalia kwenye ubao. Mlinzi wa mlangoni akaja mbio na rungu.

"Kuna nini? Mmeibiwa?"

"Moyo haupo!" Daktari akamwambia, akicheka na kulia.

Mlinzi akawatazama mmoja mmoja. "Niite gari la wagonjwa, au mtatembea wenyewe?"

Alipoondoka akitikisa kichwa, Mama Uji alirudi kwenye hadubini. Kiumbe kile kilikuwa bado kinajitahidi. Akaketi.

"Hatatoka kwenye yai, huyu?"

"Hatatoka."

"Na mimi nimemshangilia."

Daktari akavuta kiti, akaketi karibu. "Hata mimi. Miaka yote hii," akasema. "Sijawahi kuzoea, na sijui kama inafaa kuzoea." Wakamtazama kwa zamu mpaka alipotulia.

Kisha Daktari akamwinulia brashi. "Watoto wa Wazee wanataka chupa mpya. Wahamishe."

"Mimi?"

"Mikono yangu inatetemeka. Yako, je?"

Ilikuwa inatetemeka pia. Akawahamisha.

Mwaka ulipoisha Daktari alistaafu, na Kimya ikachukuliwa na msomi kijana aliyekuja kwa ndege kuifuata, akatoka nayo mfukoni mwa koti ili isipate baridi. Mama Uji aliwapikia uji mzito wa safari, usiotikisika, akawafungia kizibo kilichoshonwa na mumewe kwa kitambaa cha bluu. Barua ilikuja kwa Daktari mara moja kusema wamefika salama, na miaka mingi Daktari alipokuwa hai walikuwa wakikumbushana, mmoja akisema Wazee, mwingine akisema Mlafi na Mkewe. Chumba kile sasa kina meza zilizovunjika, na harufu ya hamira imekwisha.

Mama Uji hajui kama Kimya bado ipo. Hakuna wa kumwuliza. Anachojua ni kwamba haidumu yenyewe bila mtu wa kuilisha. Kama ipo, basi asubuhi hii mahali fulani kuna mtu amesimama jikoni, amekunja mikono ya koti, anaikorogea.